Juni bondeni Kasese na juu Rwenzori: mvua itanyesha wapi, na saa ngapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mkulima, nina ekari mbili za mahindi jirani na skimu ya umwagiliaji ya Mubuku. Mama yangu yuko juu upande wa Kyarumba, analima kahawa. Kila mwaka tunaambiwa Juni ni kiangazi. Mwaka jana niliamini, nikavuna, nikaanika uani chini, usiku nafunika kwa turubai, na bado mahindi yakaota kuvu. Mwaka huu binamu yangu anakuja kutoka Nairobi na wenzake, wanataka kupanda mlima mpaka kilele cha Margherita mwishoni mwa Juni. Simu yangu inaonyesha alama ya radi kila siku. Redio inasema mvua itakuwa "karibu na wastani". Nani anasema kweli, na mimi nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, simu inasema kweli, redio inasema kweli, na hata waliokuambia Juni ni kiangazi hawakukudanganya. Ila kila mmoja anazungumzia mahali pake. Redio inazungumzia eneo zima la magharibi mwa Uganda kwa miezi mitatu kwa pamoja. Simu inazungumzia kipande cha ramani ambacho ndani yake limo shamba lako na imo pia miteremko yenye ukungu. Wazee wanaosema kiangazi wanazungumzia bonde, tena bonde mchana. Kwa hiyo kila ukisikia habari ya mvua mwezi huo, uliza kwanza: mwinuko gani, na saa ngapi?

Tuanze na bonde lako. Mvua zetu hufuata jua. Machi na Aprili jua linapopita juu ya ikweta, ukanda ambako pepo za kusini na za kaskazini hukutana huwa juu yetu, na hapo tunapata msimu wa kwanza. Kufikia Juni jua limekwenda kaskazini, ukanda nao umelifuata, na wanaolima wakati huo ni ndugu zetu wa Gulu, Lira na Karamoja. Sisi tulio hapa, ambako mstari wa ikweta unapita Kikorongo, tunabaki na pepo za kusini mashariki zilizokwisha kumwaga unyevu wao njiani. Zikishuka kuingia bondeni zinapashwa joto na kukauka zaidi. Ndiyo maana Kasese, iliyo chini kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, haifikishi kwa kawaida milimita 1,000 za mvua kwa mwaka mzima, ilhali ubavu wa mlima unaouona kutoka uani kwako unapita 2,000.

Ukitaka shahidi wa kiangazi cha bondeni, nenda Katwe. Wachimba chumvi hawasomi utabiri wa miezi mitatu, lakini wanajua ni wiki zipi maji ya lile ziwa la volkeno yatapungua na chumvi kuganda kwenye vishamba vyao. Mvua moja nzito inayeyusha kazi ya siku nyingi. Wanapoongeza nguvu kazini Juni na Julai, si kwa kubahatisha.

Sasa tahadhari ambayo wengi hawaipewi. Watu wa Kampala wakisema "Juni mpaka Agosti ni kavu", wewe punguza. Mkia wa msimu wa kwanza mara nyingi unaburuta mpaka wiki ya kwanza au ya pili ya Juni, na huku kwetu karibu na Rwenzori mvua hazingoji Septemba. Agosti zimesharudi, Fort Portal mapema na kwa nguvu zaidi kuliko Kasese. Kwa hiyo kiangazi chako halisi ni dirisha jembamba: kutoka katikati ya Juni mpaka mwisho wa Julai. Aliyevuna tarehe 5 Juni na aliyevuna tarehe 25 Juni hawakuvuna katika hali ya hewa moja, hata kama kalenda inasema mwezi ni uleule.

Hilo "karibu na wastani" la redio nalo lisikuchanganye. Chukua Juni za miaka 30 iliyopita, zipange kutoka iliyokuwa kavu kuliko zote mpaka iliyokuwa na mvua nyingi kuliko zote, kisha zigawe mafungu matatu ya kumi kumi: chini ya wastani, karibu na wastani, juu ya wastani. Utabiri wa msimu, uwe wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda au wa ICPAC, kituo cha utabiri cha kanda kilichoko Kenya, unakuambia tu ni fungu gani lina nafasi kubwa zaidi safari hii. Tuseme umesikia asilimia 45 juu ya wastani. Maana yake si kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Maana yake ni kwamba fungu la mvua nyingi lina nafasi 45 kati ya 100, na hizo 55 zilizobaki ni za mafungu mengine mawili. Halafu kumbuka kwamba wastani wenyewe wa Juni bondeni ni mdogo. "Juu ya wastani" ya mwezi mkavu bado inaweza kuwa mvua tatu nne nzuri na jua siku zilizobaki. Mimi kwa maoni yangu utabiri wa msimu una faida kubwa kwetu mwezi wa Machi na mwezi wa Agosti, kabla ya kupanda. Juni unausikiliza, unashukuru, kisha unageukia utabiri wa siku kumi na ule wa kila siku, maana huo ndio unaoweza kukuambia Jumanne kuna mvua au hakuna.

Utasikia pia habari za El Niño. Zihifadhi kwa ajili ya mvua za Septemba mpaka Desemba, ambako joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi lina sauti kubwa. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kawaida, Afrika Mashariki nzima ililowa. Kwa Juni na Julai katika bonde letu sauti hiyo ni ndogo.

Mlimani ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Rwenzori haitegemei ule ukanda wa mvua peke yake. Nyuma yake, upande wa magharibi, kuna msitu wa Kongo, na msitu ule hutoa mvuke mwaka mzima. Pepo za chini zikigeuka zikatoka Kongo, hata kwa siku chache tu katikati ya Julai, hewa yenye unyevu inagonga ukuta wa milima, inalazimishwa kupanda, inapoa, na mvuke unageuka wingu na mvua. Bundibugyo na Semliki wanaloa kwanza, kisha miteremko ya juu, na sisi huku mashariki tunaona tu ukuta mweusi mgongoni mwa mlima. Siku pepo hizo zikilala, mlima unajitengenezea mvua yake wenyewe. Ukiwa shambani saa tano asubuhi, geukia mlima: utasikia upepo unakupiga mgongoni. Jua limepasha miteremko, hewa ya bondeni inapanda kuifuata. Saa nne kuna vijiwingu vyeupe kwenye mabega ya mlima, saa sita vimeungana, saa nane huoni tena kilele. Wakati huohuo juu ya kichwa chako anga ni bluu, kwa sababu hewa inayopanda pembeni lazima ishuke mahali, nayo inashuka katikati ya bonde. Jioni mambo yanageuka: miteremko inapoa, hewa baridi inateremka na kukutana na ile ya joto iliyobaki bondeni na juu ya maziwa. Ndiyo sababu mvua chache za Juni upande wenu huja jioni au usiku, mara chache sana asubuhi.

Na usidhani kilele ndicho kinachopata mvua nyingi kuliko kwingine. Ni mbavu, kule kwenye msitu, mianzi na vichaka vilivyo juu yake kidogo. Mama yako yuko chini ya ukanda huo, lakini mawingu ya alasiri humfikia. Kwa hiyo kahawa yake itakauka polepole kuliko mahindi yako, hata kama hakunyeshi tone; kivuli cha wingu na hewa yenye unyevu vinatosha. Asubuhi yake ndiyo mali. Kitanda cha kuanikia kiwe kimeinuliwa kutoka ardhini, kahawa iwe wazi mara tu umande ukikauka, ifunikwe wingu likianza kukaa. Asijipime na majirani wa bondeni.

Joto nalo fanya hesabu rahisi: kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi 6 hivi. Kasese mchana ni nyuzi 30. Ukifika mita 4,000, kama pale bonde la Bujuku huko mlimani, umeshatoa nyuzi 18, na hapo ni jua likiwa limetoka. Usiku maji kwenye chupa yanaweza kuganda. Margherita ni mita 5,109, na pale kinachodondoka mara nyingi ni theluji.

Sasa simu. Miundo ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa ya dunia nzima hugawa ardhi katika miraba ya kilomita 9, mingine 25. Kutoka mjini Kasese mpaka Margherita ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na katika umbali huo ardhi inapanda zaidi ya mita 4,000. Mraba mmoja unameza shamba, msitu na ukungu pamoja, unatoa jibu moja. Isitoshe, programu nyingi zikipata saa moja tu ya radi katika siku nzima, huchora radi kwa siku yote. Usiache kuitazama, ila usitazame picha. Fungua ukurasa wa saa kwa saa uangalie milimita. Milimita 1 saa kumi jioni, kwako hiyo ni mvua ya mlimani mpaka uone vinginevyo. Milimita 15 kuanzia saa nane mchana, tena siku mbili mfululizo, basi kuna hewa ya Kongo inakuja, na hata wewe bondeni kusanya mahindi.

Ishara za macho zipo pia, na sizidharau, maana nyingi zina sababu. Umande mzito juu ya mabati alfajiri ni habari njema: usiku anga lilikuwa wazi, joto likatoroka juu, hewa ikatulia. Usiku ukiwa wa joto na mabati yakaamka makavu, mara nyingi mawingu yalikuwa yamefunika. Ila kuna ishara moja inayowadanganya wengi mwezi wa Julai. Mlima unapotea wiki nzima nyuma ya utusitusi wa kijivu, na watu wanasema mvua iko karibu. Mara nyingi ule ni moshi na vumbi. Wakati huo nyasi zinaungua kusini mwa Kongo, Angola na Zambia, na pepo zinatuletea. Mvua haimo humo; kinachoumia ni macho na kifua.

Jambo moja halisubiri mvua inyeshe kwako ndipo liwe lako: mto. Mubuku, Sebwe, Nyamwamba, Nyamugasani, Lhubiriha, yote inazaliwa kule juu ambako kiangazi ni jina tu. Watu wengi wanaamini mito hii inalishwa na barafu ya vileleni. Barafu ile ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6 mwaka 1906, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa imebaki chini ya moja, na vipimo vimeonyesha kwamba mchango wake kwenye maji ya Mubuku hapa chini haufiki asilimia 2. Maji yako ya kumwagilia ni mvua iliyohifadhiwa na msitu na matope ya juu. Ndiyo maana mto hautakauka Julai, na ndiyo maana pia unaweza kupanda ghafla usiku mkavu wenye nyota. Mafuriko makubwa tunayoyakumbuka yalitokea Mei, Nyamwamba ulipoingia Kilembe mwaka 2013, na mito minne mitano ilipofurika kwa pamoja mwaka 2020 na kuharibu hospitali ya Kilembe. Lakini maporomoko ya Kasika, kule Rukoki, yaliyoua zaidi ya watu kumi, yalikuwa mwanzoni mwa Septemba 2022, wakati wengi bado wanahesabu siku za kiangazi. Mwezi Juni ardhi ya juu bado imeshiba maji ya Mei. Ukisikia ngurumo mfululizo kutoka mlimani jioni, ukaona maji ya mto yamegeuka rangi na yanaleta majani na vijiti, toa pampu na mifugo kwenye kingo saa hiyohiyo, hata kama kwako vumbi linatimka.

Turudi kwenye mahindi yako ya mwaka jana. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani mvua ndiyo iliyoyaharibu. Uliyaanika juu ya ardhi tupu, na ardhi ile ilikuwa na unyevu wa Mei. Mchana punje zinakauka juu, chini zinanyonya maji. Usiku ukafunika kwa turubai mahindi yakiwa bado na joto la jua. Joto lile linasukuma mvuke kutoka kwenye punje, mvuke unapanda, unakuta turubai limepoa kwa hewa ya usiku, unageuka matone upande wa ndani, na matone yanarudi juu ya mahindi. Inua turubai saa kumi na mbili asubuhi upitishe kiganja chini yake, utaona mwenyewe. Ulikuwa unayanyeshea mahindi mvua yako mwenyewe kila usiku.

Safari hii turubai liwe chini, si juu. Tandaza tabaka jembamba, lisizidi vidole viwili kwa unene, uligeuze mara kadhaa kwa siku. Anza saa tatu umande ukishaondoka, kusanya saa tisa alasiri kabla ya hewa ya jioni, uyaache yapoe kidogo kivulini kisha yaingie ndani kwenye magunia yaliyo wazi midomo. Jua la katikati ya Juni likiwa zuri, siku chache zitatosha. Kujua kama yamekauka, usitegemee kung'ata tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu (ya Katwe ipashe kwanza kwenye sufuria, maana inavuta maji), funga, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, umekaribia, ongeza siku moja, kwani soko la Afrika Mashariki linataka yasizidi 13.5. Na yale yaliyoota kuvu usimpe mtu wala kuku. Sumukuvu haionekani kwa macho, kuosha hakuiondoi, kupika hakuimalizi.

Kuhusu binamu yako: mwishoni mwa Juni si vibaya, ila kama tiketi bado hazijakatwa mwambie asogeze mpaka wiki ya kwanza au ya pili ya Julai, matope yawe yamepungua. Kupungua, si kuisha. Safari ya kutoka Nyakalengija, njia ya mlima inapoanzia, mpaka kileleni na kurudi ni siku saba au nane, na sehemu kubwa ya njia ni kinamasi. Wapagazi wanatembea kwa gambuti, naye aje na gambuti zinazomkaa vizuri, kiatu cha gharama akiweke kwa ajili ya barafu. Kila nguo na begi la kulalia viingie kwenye mifuko ya plastiki kabla ya kuingia kwenye begi la mgongoni, hata asubuhi ikiwa safi. Kinachomwangusha mtu Rwenzori mara nyingi ni kulowa katika nyuzi 5 na upepo, kisha kukaa umelowa. Watembee mapema, wafike kambini kabla ya saa nane mchana. Siku ya kilele waongoza njia watawaamsha saa nane usiku. Wasilalamike, sababu ni zile saa za mawingu nilizokueleza. Wakisikia radi wakiwa kwenye mgongo wa mlima washuke mara moja. Na waweke siku moja ya akiba katika ratiba, kwa sababu hewa ya Kongo ikiingia hukaa siku mbili tatu kabla ya kuondoka, na mwenye ndege ya kuwahi Entebbe hushawishika kupanda siku asiyopaswa.

Wewe mwenyewe ukifika tarehe 20 Julai usijisahau. Mahindi yawe yameingia ndani, mitaro ya shamba izibuliwe na mbegu ya msimu wa pili iwe imenunuliwa, kwa sababu wiki ya kwanza ya Agosti nitakuwa natazama utabiri wa siku kumi kwa jicho tofauti kabisa.